Betri Zenye Alama Nyekundu

Kila asubuhi, kabla hajavua koti, Célestine huweka kiganja juu ya kabati la chuma na kusikiliza. Ndani yake kuna betri ishirini na nne, kila moja katika chumba chake kidogo, zikinywa umeme kwa mngurumo mwembamba ambao mtu mwenye haraka hawezi kuusikia. Yeye hana haraka. Akiachiwa angesimama pale mpaka adhuhuri, macho kayafumba, na waendesha pikipiki wangejipanga foleni nyuma yake wakikohoa kwa adabu.

Kabati hilo liko uani, nyuma ya duka la vyombo la Paresh, Southall, London. Mbele ya duka ni barabara isiyojua kunyamaza: jalebi, vile vitamutamu vya Kihindi, zinakaangwa tangu alfajiri, honi zinagombana, na vitambaa vinavyong'aa vinaning'inia mpaka kwenye vichwa vya wapita njia. Nyuma ni ua wa saruji, kipande cha mbingu, na treni za njia ya Elizabeth zinazopita kwa sauti kama ya mtu anayevuta shuka usingizini. Zamani ua huo ulikuwa makao ya maboksi matupu na paka mmoja mwenye kiburi. Mwezi wa nne mwaka huu kampuni moja ilikuja, ikamwaga saruji, ikasimamisha kabati, ikabandika mshale wa kijani ukutani, na paka akahama kwa hasira.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Mjini kuna pikipiki nyingi za umeme zinazobeba vyakula, dawa na vifurushi. Kuichaji pikipiki kunakula saa nzima nzima, na mwenye pikipiki hana saa za kuchezea. Basi anakuja uani, anachomoa betri yake iliyokwisha, anapewa iliyojaa, na kabla hajamaliza kulalamikia hali ya hewa yuko barabarani tena. Betri si mali yake, ni ya kampuni. Yeye hulipia kuitumia tu. Alitakiwa mtu mmoja wa kuzipokea betri, kuzifuta matope, kuzipandisha kabatini na kusikiliza manung'uniko. Kampuni iliipa kazi hiyo jina refu la Kiingereza. Célestine aliiita kazi ya depo, na hakuna aliyembishia.

Alikuwa na haki ya kuiita hivyo, maana alikulia depo. Mama yake alikuwa na depo ya vinywaji Uvira, Kongo, na huko chupa tupu huitwa vidange, na kreti yake huitwa kazie. Ukija na kazie ya vidange unaondoka na kazie iliyojaa. Ukija mikono mitupu unaondoka mikono mitupu, hata kama wewe ni mkwe wa chifu. Célestine alipoelezwa kazi ya uani na kijana mmoja wa kampuni, kwa picha na mishale, alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akasema, "Ni vidange." Kijana akaandika neno hilo kwenye daftari lake. Sijui alikwenda kulifanyia nini.

Betri inaporudi huwa ina joto, na Célestine hupenda kuishika kidogo kabla ya kuirudisha kabatini. Hii ilikwenda Heathrow, hujiambia, imezunguka chini ya matumbo ya ndege. Hii ilivuka mto kule Richmond, ina jani limenata. Hii imenyeshewa Wembley. Ana miaka kumi na minane London na sehemu nyingi za mji huu hajazitia machoni, maana miaka hiyo ilikwenda katika kufagia ofisi za Stratford na kuwaogesha wazee wa watu. Lakini betri zake zinaujua mji wote, na jioni zinamletea habari. Mtu atasema mama huyu anaota mchana. Ni kweli, anaota, na tangu lini kuota kumezuia mtu kubeba kilo kumi na mbili?

Tatizo ni kwamba chupa haizeeki. Chupa iliyorudi mara mia inashika bia ileile. Betri inazeeka kimyakimya, na uso wake hausemi: kioo cha kabati kinaonyesha imejaa, mia kwa mia, kumbe imejaa kama kikombe kilivyojaa, si kama ndoo. Sasa mtu anakuja na betri changa, anaiacha, anapewa iliyochoka, na anakwenda kuligundua jambo hilo kwenye mvua, katikati ya barabara, mabasi yakimpigia honi.

Aliyeligundua kwa sauti kubwa kuliko wote ni Ravi, mtu wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Nakuru, aliyeendesha basi kwa miaka ishirini mpaka abiria wakamchosha. Siku hizi anapeleka dawa kutoka maduka ya dawa hadi kwa wazee wasioweza kutoka nyumbani. Mwezi wa saba alirudi uani akiisukuma pikipiki, jasho likimtiririka, akasema, "Mama, mimi nilileta battery kijana, mkanipa babu." Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikwenda akanunua waya mrefu, akaanza kuichaji betri aliyokuwa nayo kupitia dirisha la jikoni kwake, na akawaambia wenzake wote kwamba mwenye akili ashike chake asiachie.

Wakamsikia. Kutoka zaidi ya mia kwa siku, waliokuja kubadilisha wakashuka mpaka sitini, kisha arobaini. Mwezi wa tisa barua ya kampuni ikafika: kituo kilikuwa cha majaribio, na kama mwisho wa mwezi wa kumi watu hawajarudi kufika mia, kabati litang'olewa. Célestine aliisoma mara tatu. Armelle, binti yake, aliisoma mara moja, akamshika bega. "They're closing you down, Mum," alisema. Binti huyo anaelewa Kiswahili chote cha mama yake na hajibu hata neno moja kwa lugha hiyo.

Célestine hakuogopa kukosa kazi. London haijawahi kuishiwa sakafu za kufutwa. Aliogopa kuukosa ule ua. Pale ndipo mahali pa kwanza katika mji huu ambapo watu walimjia kwa jina, wakiwa wamechoka, wakaondoka wakiwa na nguvu, na mkono uliowapa nguvu ulikuwa wake. Aliupenda ua ule. Usiku na mchana aliuwaza kama mtu anavyomuwaza mgonjwa.

Basi akaketi juu ya kreti la soda alilopewa na Paresh, akaanza kuziangalia betri zake. Wiki nzima aliziangalia, kwa subira ya mtu anayesubiri maji yachemke. Na akaona. Zote ziliingia tupu kwa wakati mmoja, lakini baadhi taa zao ziligeuka kijani mapema, nyingine zikaendelea kunywa, zikanywa, zikanywa. Zile za mapema ndizo zilizorudi mapema. Inayoshiba upesi ina tumbo dogo, akajiambia. Aliyewahi kulisha watoto wanne wa dada yake hahitaji kompyuta kumweleza hilo. Kati ya betri zote za kituo, zilizokuwa na tumbo dogo zilikuwa kumi na moja.

Mama yake naye alikuwa na kazie mbovu, zilizopasuka kitako. Hakuzitupa. Alizifunga utepe wa kitambaa chekundu, na kabla ya kumpa mtu mzigo alimuuliza, "Uko unaenda wapi?" Anayepanda milima ya Fizi alipewa kazie nzima. Anayevuka barabara tu alipewa yenye utepe. Mizigo yote ilifika. Célestine alichukua rangi ya kucha ya Armelle, nyekundu iliyoiva, akatia nukta moja karibu na mshikio wa kila betri iliyochoka. Kampuni ilikataza kuandika chochote juu ya betri. Yeye hakuandika, alitia nukta, na kama kuna tofauti hapo basi aliishika kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo hakumpa mtu betri bila kuuliza. "Uko unaenda wapi, papa?" Papa kwao ni baba. Mmoja anasema Hanwell, jirani tu, anapewa yenye nukta. Mwingine anasema Stratford, mji mzima wa kuvuka, anapewa changa. Hakuna aliyejua kwa nini wanaulizwa, ila walipenda kuulizwa. Baadhi walianza kumweleza hata wasichoulizwa. Hakuna aliyekwama. Katikati ya mwezi wa kumi walikuwa wamefika themanini, na asubuhi moja Ravi alitokea langoni, kasimama kando kama mtu aliyepita tu. Alisema waya wake umeungua. Célestine hakumuuliza waya gani. Alimuuliza anaenda wapi.

Zilikuwa zimebaki siku chache, na taa za Diwali zimekwisha tundikwa barabara nzima, alipomwomba Paresh amshikie kazi siku moja ya Jumanne. Kanisani kwao kina mama hupokezana zamu: mtu mgeni akiitwa Croydon, kwenye jengo kubwa la uhamiaji, haendi peke yake. Zamu hii ilikuwa ya Célestine, na mgeni alikuwa Bijou, aliyefika mwaka juzi na bado hakuthubutu kufungua bahasha peke yake.

"Wewe nenda tu, Mama Armelle," alisema Paresh. Alikuwa mjane wa miaka sabini na miwili, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa bado na jua la huko. "Mimi niko. Kwani kuna kazi gani? Toa hii, weka hii."

"Ila uwaulize wanaenda wapi, papa Paresh. Kila mutu. Usisahau."

"Nitawauliza."

"Na anayeenda mbali, umuangalie muzuri."

"Nitamwangalia. Nenda!"

Kuhusu nukta hakusema neno. Alidhani hakuna haja. Nyekundu ni nyekundu, nani asiyejua?

Croydon ilikuwa na ukungu. Bijou aliingia ndani, na Célestine akabaki kwenye benchi ng'ambo ya barabara, mikono mifukoni, akiitazama ile minara ya ofisi ikipotelea juu kabla haijafika mwisho. Tramu zilipita polepole, zikagonga kengele, zikayeyuka. Miaka tisa alikuwa akija hapa, Armelle mgongoni, kisha Armelle mkononi, kisha Armelle akiwa na begi la shule. Walimuuliza ametoka wapi, amepitia wapi, lini, na nani. Yalikuwa maswali ya haki, ndiyo kazi yao, na aliyajibu yote. Ila swali la mama yake hakuna aliyemuuliza, wala yeye hakujiuliza. Miaka tisa mtu anaangalia nyuma mpaka shingo inasahau kugeuka. Pale kwenye ukungu alimwona mama yake waziwazi, amesimama mlangoni pa depo, kanga ya kijani kiunoni, anamkagua mteja kwa jicho moja. Alimwona mpaka mikunjo ya kidole chake.

Simu ikalia.

"Mama Armelle," ilikuwa sauti ya Paresh, imesinyaa. "Ravi amekwama. Yuko Mitcham, alikuwa anakuja huko huko Croydon. Na si yeye peke yake. Wengine wanapiga simu, mimi sielewi."

"Ulimupa betri gani?"

"Nzuri kabisa! Si uliniambia nimwangalie anayeenda mbali? Nilimpa zile zenye alama."

Célestine alishusha simu. Mama yake mlangoni alikuwa ameondoka. Palikuwa na benchi baridi tu na kengele za tramu.

Bijou alipotoka, salama, akicheka kwa ahueni, Célestine alimkumbatia, akampandisha treni ya kurudi, kisha yeye akapanda tramu ya kwenda Mitcham. Alikuwa anakwenda kufanya nini? Hakuwa na betri mfukoni. Alijua tu kwamba mtu aliyekwama kwa kosa lako humpigii simu kumwambia pole, unamwendea.

Alimkuta Ravi kando ya barabara, pikipiki imeegemea nguzo, kofia ya chuma juu ya kiti, na mfuko wa dawa kaukumbatia kama mtoto. Alipomwona Célestine alishangaa kwanza, halafu akakumbuka hasira yake.

"Nilirudi, mama. Umeona nilivyorudi? Niliwaambia watu, sasa ni sawa, rudini. Wamenitumia message kumi, wananicheka."

Célestine aliinama, akafungua kifuniko cha betri, akamwonyesha ile nukta. Akamwambia yote, pale pale, magari yakipita: tumbo dogo, rangi ya kucha, kazie za Uvira. "Sikumuambia Paresh. Njo kosa yangu, papa. Si ya mwingine."

Ravi aliigusa nukta kwa kidole gumba. "Kwa hivyo ulijua zote zilizochoka?"

"Nilijua."

"Na mimi hukuwahi kunipa?"

"Wewe unaenda mbali."

Ravi akafunga kifuniko cha betri. Halafu akasema, kwa sauti nyingine, kwamba mfuko ule una sindano za sukari za bibi mmoja wa Addiscombe, na bibi huyo hali chakula cha mchana mpaka zifike. Célestine akanyoosha mkono. Ravi akasita, mfuko wa dawa ni jina lake, hajawahi kumpa mtu. Akampa. Célestine akarudi kwa njia ileile ya tramu iliyomleta, mfuko magotini, nyumba zikipita dirishani kama zimechorwa kwa chaki yenye maji, na nusu saa baadaye bibi wa Addiscombe alifungua mlango na kumwambia amechelewa. Alikubali. Alikuwa amechelewa.

Aliporudi Southall mchana ule alimkuta Paresh uani, ameketi juu ya kreti la soda, akiziangalia betri zilizorudishwa na gari la kampuni. Saba zilikufa njiani, na zote saba zilikuwa na nukta.

"Mimi nilikuona siku ulipoziweka," alisema Paresh bila kuinua macho. "Nilikuwa dirishani. Nikasema moyoni, huyu mama amemkumbuka Kalpana."

Kalpana alikuwa mkewe, aliyefariki mwezi wa saba. Célestine alimzoea kwa miezi michache tu, mwanamke mdogo wa umbo aliyepita dukani na kijiko cha kumkum, ule unga mwekundu wa baraka.

"Aliweka kwa kila kitu," Paresh aliendelea. "Duka lilipofunguliwa, aliweka kwa mlango, kwa mizani. Nikinunua gari, kwa usukani. Hata friji, aki ya Mungu, hata friji aliiwekea. Sasa yeye hayuko, hakuna mtu anaweka. Halafu naona wewe unaweka. Ukaniambia niulize mtu anaenda wapi. Mtu anaenda mbali, si lazima nimpe yenye baraka?"

Célestine alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akaanza na kulia. Alimlilia Kalpana, akaulilia ua, akamlilia na mama yake kwa kuwa alishaanza. Paresh alimpa kitambaa cha kufutia betri, kikiwa na grisi na kila kitu, na wakaketi hivyo mpaka treni tatu zikapita.

Alhamisi Nizar alifika. Yeye ndiye mhandisi wa kampuni, mzaliwa wa Dar es Salaam, mtu nadhifu ambaye hata viatu vyake vilionekana vimepigwa pasi. Alikuja kufunga kituo, na hakulificha hilo. "Shikamoo mama," alisema. Célestine, ambaye kwao shikamoo haina kazi, alijibu, "Asante, papa." Wakaanzia hapo.

"Watu saba wamekwama siku moja," alisema Nizar na kufungua kompyuta juu ya kreti. "Siwezi kuitetea hesabu hii, mama. Watu hawatakubali kubadilisha betri kama hawaiamini wanayopewa. Ndiyo hadithi ya biashara hii dunia nzima."

"Kosa ni langu," alisema Paresh.

"Kosa ni yangu," alisema Célestine.

"Betri zote zinaonyesha ni nzima," alisema Nizar, anasoma. "Mia kwa mia. Ndicho nisichoelewa." Kisha akainua moja ya zile saba, akaiona nukta. Akainua ya pili. Ya tatu. Akazipanga zote saba chini, nukta saba zikimtazama, akaenda kabatini, akatoa betri nne zilizosalia zenye nukta, akachomeka waya zake na kuanza kuzipima moja moja kwa njia zake za kihandisi. Ilimchukua saa nne. Paresh alileta chai mara mbili. Célestine aliendelea kuhudumia watu wachache waliokuja, akiwauliza aliyozoea kuwauliza, na kila alipouliza Nizar aliinua kichwa.

Mwisho akafunga kompyuta. "Zote kumi na moja zimechoka," alisema. "Mashine yetu haikuiona hata moja. Wewe umeonaje?"

Célestine akamweleza habari ya tumbo dogo. Nizar hakucheka. Aliketi juu ya kreti na viatu vyake vile, akatazama chini.

Hapo ndipo Ravi alipoingia langoni. Aliegesha pikipiki mbele ya wote, akachomoa betri aliyoazimwa na kampuni tangu Jumatano, changa kabisa, ya kung'ang'aniwa, akaiweka mikononi mwa Célestine.

"Naenda Croydon," alisema, kabla hajaulizwa. "Nipe unayoijua wewe."

Alipewa, akaondoka. Haikufika dakika mbili. Nizar alimfuata kwa macho mpaka langoni.

"Ripoti yangu ina kurasa sitini," alisema polepole. "Chaji, joto, uzito, idadi ya makabati. Hakuna mahali nimeandika kwamba mtu aulizwe anaenda wapi."

Wiki mbili baadaye barua ilikuja, na safari hii Armelle aliisoma kwa sauti jikoni, akaanza kuruka. Kabati halitang'olewa. Kituo kimeongezewa mwaka mmoja. Betri kumi zilizochoka zimeondolewa, na simu za waendesha pikipiki zitaanza kuwauliza safari yao kabla ya kupewa betri. Célestine alicheka aliposikia hilo. Simu iulize, ni sawa. Haitajua kumkagua mtu kwa jicho moja.

Nizar aliliacha jambo moja nje ya barua. Alileta uani kibaiskeli cha umeme cha magurudumu matatu, chenye sanduku nyuma, ili mtu akikwama karibu, Célestine ampelekee betri mahali alipo. Jioni, alisema, anaweza kurudi nacho nyumbani Hayes, badala ya kusimama kituoni akisubiri basi.

Jioni ya kwanza mbingu ilikuwa bado na mwanga kidogo, rangi ya chai ya maziwa. Paresh alitoka dukani na kijiko cha Kalpana. Alitia kumkum kidogo kwenye usukani, akarudi ndani haraka. Ravi alikuwa amemaliza kazi. Alisimama mbele ya kabati lililofunguliwa, mikono kiunoni, akajifanya mwenye depo.

"Uko unaenda wapi, mama?" aliuliza, na Kiswahili cha Uvira kikamkaa vibaya mdomoni.

Célestine alikaa juu ya kiti akashika usukani. Alilifikiria swali hilo kwa muda mrefu kuliko Ravi alivyotegemea.

"Nyumbani," alisema. "Si mbali."

Ravi akanyoosha mkono kwenye betri changa kuliko zote. Célestine alitikisa kichwa, akaonyesha chumba cha chini kabisa, ilimokuwa ile moja ya nukta aliyomwomba Nizar amwachie.

"Mupatie mwingine hiyo," alisema. "Mi inanitosha hii."

Akaondoka polepole, akapita chini ya taa za Diwali, akapita jalebi na honi, akavuka daraja la mfereji ambako bata walikuwa wamelala vichwa ndani ya mbawa. Betri ilinguruma chini yake, sauti ileile ya asubuhi. Ilimfikisha mpaka mlangoni, na alipoizima ilikuwa bado na chaji kidogo.